"Get", "receive", "obtain" au "acquire"?

Umeuliza kwa nini "I got an accident" husahihishwa, ilhali sisi tunasema "nimepata ajali". Tatizo ni neno letu "kupata", linalobeba mengi kuliko "get". Kwa ajali na kwa mtoto, Kiingereza hutumia "have": "I had an accident", "she had a baby". Mshahara wa kazi ni "earn". Uzito na uzoefu ni "gain".

Kwenye mazungumzo ya kawaida "get" inatosha kabisa: "I got your message", "I got some bread". "Receive" ni kupokea, kitu kimekujia chenyewe. Ukisema "I received bread at the shop", utaeleweka kwamba umegawiwa bure. "Obtain" iache kwenye barua rasmi na fomu, hasa kwa kitu kilichohitaji kufuatiliwa, kama kibali. "Acquire" ni kujipatia taratibu, mfano lugha au ujuzi. Pia kampuni moja kuinunua nyingine.

Halafu "gotten": kwa Wamarekani "I've gotten a car" ni nimeshapata gari, bali "I've got a car" ni ninalo. Waingereza wengi husema "got" kwa yote mawili.