Picha ya planktoni bila mahali na tarehe ni pambo tu

Kila mwaka kaskazi ikilegea, kati ya Desemba na Aprili, mimi huanza kutumiwa picha za bahari. Mtu kaenda kupunga upepo Coco Beach, au katoka kuvua Kunduchi, kaona juu ya maji utando wa kahawia kama unga wa mbao. Maelezo yanayoambatana nazo hayabadiliki: meli imemwaga mafuta, msile samaki. Mara nyingi huwa ni planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini: Trichodesmium, sayanobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea) wa kawaida kabisa katika pwani yetu msimu huo. Wana vipovu vya gesi ndani ya seli, kwa hiyo bahari ikitulia huelea na kujikusanya. Ukichota maji hayo kwa glasi utaona vijiti vidogo vidogo. Mafuta hayana vijiti, yana utando wenye rangi za upinde wa mvua na harufu yake unaijua. Lakini picha iliyozunguka makundi kadhaa ya WhatsApp, haina siku wala mahali, siwezi kuitolea kauli yoyote.

Na siyo wavuvi tu. Wanafunzi na watafiti wenzangu huweka mtandaoni picha za kupendeza za diatomu (mwani wa seli moja wenye ganda la silika) ambazo hazimsaidii mtu yeyote. Kwa uzoefu wangu wa hadubini hapa Dar, uzuri wa picha ndiyo jambo la mwisho kuhangaikia.

Anza na mahali na wakati maji yalipochotwa, na kazi hiyo usiiachie simu. Simu huhifadhi mahali ulipopigia picha, nawe umepigia maabara au sebuleni. Nimewahi kuona kiumbe wa bahari kuu kwenye ramani, katikati ya mtaa wa Sinza, nchi kavu! (Tena kama ni sebuleni, umewatangazia walimwengu unapoishi.) Andika kwa penseli kwenye karatasi ya chupa ukiwa bado chomboni: mahali, tarehe, saa, maji yanajaa au yanatoka. Hilo la mwisho wengi hulidharau. Pale mto Msimbazi unapoingia baharini, maji yakitoka unachota zaidi ya mto, yakijaa unachota zaidi ya bahari, na viumbe utakaowapata si wale wale.

Taja pia wavu. Wenye matundu ya maikromita 200 (maikromita elfu moja ni milimita moja) utakupa wanyama wadogo kama kopepodi, huku mwani mwingi ukipita. Mtu akiandika kwamba hakukuta diatomu, swali langu la kwanza ni matundu ya wavu wake. Kama umetia ayodini ya Lugol, dawa ya kuhifadhi sampuli, sema, maana hupaka kila kitu rangi ya kahawia na msomaji atadhani ndiyo rangi ya kiumbe.

Sasa vipimo, ambavyo ndivyo vinavyoharibu picha nyingi. Kuandika “mara 400” hakutoshi, kwa sababu simu imevuta, aliyeitazama kavuta tena, na kioo cha kila mtu kina upana wake. Kinachotakiwa ni mstari wa kipimo ndani ya picha yenyewe. Huna slaidi ya kupimia? Chukua rula ya plastiki inayopitisha mwanga, iweke chini ya lenzi ya 4 (inayokuza mara 4), uhesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo wa duara. Tuseme umepata 4.5. Kwa lenzi ya 10 duara hilo litakuwa na upana wa milimita 1.8, na kwa lenzi ya 40 litakuwa 0.45, yaani maikromita 450. Ukipiga picha inayoonesha duara zima, yeyote anaweza kupima kiumbe wako hata kama yuko Norwei. Basi piga moja ya duara zima, kisha ndiyo uvute upendavyo.

Kuhusu jina, ishia pale macho yako yanapoishia. Pseudo-nitzschia, jenasi (kundi la spishi za karibu) ya diatomu, ni mfano mzuri: baadhi ya spishi zake hutengeneza asidi ya domoiki, sumu ambayo mwaka 1987 iliwaugulisha zaidi ya watu 100 nchini Kanada baada ya kula kome, na baadhi yao wakafa. Spishi zenyewe, nyingi hazitenganishiki bila hadubini ya elektroni. Andika jenasi, uache hapo. Mimi namwamini zaidi anayeandika “diatomu, sijui zaidi” kuliko anayebandika majina mawili ya Kilatini kwa kufananisha picha. Jina ulilonalo lipitishe AlgaeBase, hifadhidata ya majina ya mwani iliyoanzishwa Ireland mwaka 1996, kwa sababu majina hubadilika. Ceratium wengi wa baharini, planktoni wa seli moja tuliofundishwa darasani sasa wanaitwa Tripos.

Pa kuweka? Kwa anayeanza, iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za viumbe, inatosha. Ila angalia leseni. Ukijifungia haki zote, picha yako haiendi GBIF, hifadhidata ya kimataifa ambako watafiti hutafuta kumbukumbu za viumbe kwa eneo. Mimi huchagua ile inayoruhusu matumizi kwa sharti la kunitaja. Kama ni lazima upitie WhatsApp, tuma kama dokumenti, isije ikabanwa mpaka miiba myembamba ya diatomu kama Chaetoceros ikapotea. Bando litaumia kidogo.