Je, India Itaongoza Dunia kwa Teknolojia?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, mjini Kisumu. Siku hizi baadhi ya simu ninazoletewa zimeandikwa kwamba zimetengenezwa India, na mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, anashikilia kuwa kabla ya miaka kumi kwisha India itakuwa imeipokonya Marekani uongozi wa teknolojia. Mimi nasema haiwezekani. Tuamulie. – Fundi, Kondele

JIBU: Ndugu Fundi, mwalimu ana hoja, ila ameharakisha. Ushahidi uko mezani pako. Ukishafungua simu hiyo na kuitoa bodi, inua kile kifuniko chembamba cha bati uitazame chipu kuu, ile nyeusi ya mraba. Kwa kawaida imebuniwa na kampuni ya Marekani au ya Taiwan, na zile za hali ya juu huchongwa zaidi Taiwan, katika viwanda vya TSMC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1987. Tena mashine za kuchora njia za umeme zilizo nyembamba kupita zote ndani ya chipu hizo huundwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Kilichofanyika India kwa sehemu kubwa ni kuunganisha vipande. Sidharau kazi hiyo, kwa maana China nayo ilipitia njia hiyo hiyo kabla ya kuanza kuuza simu za majina yake yenyewe, lakini kuunganisha ni jambo moja na kubuni ni jambo jingine.

Nguvu ya India iko kwenye programu. Kampuni yao ya programu, Infosys, ilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 1985 Texas Instruments ya Marekani ikafungua ofisi ya ubunifu mjini Bengaluru. Dunia ilipoingiwa na hofu kwamba kompyuta zingekwama mwaka 2000 ukiingia, wahandisi wa Kihindi ndio waliokodiwa kwa wingi kuzirekebisha, na wateja waliopatikana wakati huo hawakuondoka. Mfumo wao wa malipo wa UPI, ulioanza mwaka 2016, humwezesha muuza mboga kupokea pesa benki kwa kuonyesha mchoro wa miraba uliobandikwa kwenye kibanda chake, na mwezi Agosti 2023 ulipitisha malipo zaidi ya bilioni 10. (Sisi wa M-Pesa ya mwaka 2007 tuna haki ya kutabasamu hapo, ingawa simu tunazotumia kutuma pesa hizo hatukuzibuni.) Mwezi huo huo chombo chao cha anga, Chandrayaan-3, kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna taifa lililokuwa limetua.

Penye ugumu ni fedha za utafiti. India hutumia chini ya asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti, ilhali China hupita asilimia 2, Marekani asilimia 3, na Korea Kusini asilimia 4. Mwaka 2021 serikali ya India ilitenga takriban dola bilioni 10 kuvutia viwanda vya chipu, na kampuni ya Tata, ikishirikiana na kampuni ya Taiwan, inajenga kimoja huko Dholera, jimboni Gujarat. Lakini kimekusudiwa chipu za vizazi vya nyuma, zinazofaa magari na mitambo, si zile za simu ghali. Kwa maoni yangu, katika miaka hiyo kumi India inaweza kuwa ya kwanza kwa huduma za kidijitali. Uongozi wa jumla sioni ukipata mwenyewe mpya upesi hivyo. Ubishi huo, basi, umeushinda wewe, ingawa si kwa mbali.

SWALI: Mbona Wahindi wanaongoza Google na Microsoft, nanyi mnasema India bado? – Mwanafunzi, Kakamega

JIBU: Kwa sababu kampuni hizo ni za Marekani. Satya Nadella wa Microsoft alisomea Manipal na Sundar Pichai wa Google akasomea Kharagpur, zote za India, kisha wote wawili wakaendelea na masomo Marekani na kubaki huko kikazi. Faida na hataza (haki za uvumbuzi) za kazi yao zimeandikishwa kwa jina la mwajiri. Tazama badala yake ni wangapi wanaorudi Bengaluru na Hyderabad kufungua kampuni zao, na ni nani anayewapa mtaji.