Bilioni 7.5 za chaja Marekani hazikuliwa, zilikuwa hazijatoka

Kuna wanaodai kuwa Marekani ilitumia dola bilioni 7.5 ikaambulia vituo vichache tu vya kuchaji magari ya umeme. Hapana, fedha hizo hazikuishia huko. Ni fedha zilizotengwa na sheria ya miundombinu ya Novemba 2021, na kituo cha kwanza kilipofunguliwa Ohio, Desemba 2023, sehemu kubwa ilikuwa haijaguswa. Bilioni 5 kati yake zinapitia kwa majimbo: kila jimbo liandike mpango, serikali kuu iupitishe (hiyo ilikuwa Septemba 2022), viwango vya kiufundi vitoke (mapema 2023), ndipo zabuni itangazwe. Miaka inakatika na hata shimo halijachimbwa.

Halafu kuna umeme wenyewe, ambao wengi wanausahau. Kanuni zinataka kituo kichaji magari 4 kwa mpigo, kila moja kilowati 150. Hizo ni kilowati 600, si waya wa kuvuta kutoka nguzo ya jirani! Transfoma unaagiza na kusubiri miezi, na shirika la umeme nalo lina foleni yake.

Ila hayo ni ya enzi ya Biden. Februari 2025 serikali ya Trump ilisimamisha mipango ya majimbo, majimbo kadhaa yakaenda mahakamani, na Agosti mwongozo mpya wenye masharti machache ukatolewa. Mkwamo huo ni wa kisiasa, usiuchanganye na ule wa transfoma.