Kuzamia nyambizi ya vita: anza na hesabu ya gesi

U-869, nyambizi ya Kijerumani iliyozama mwaka 1945, imelala kwenye kina cha mita 70 hivi nje ya pwani ya New Jersey, Marekani. Iligunduliwa mwaka 1991, ikatambuliwa rasmi 1997, na kati ya miaka hiyo miwili wazamiaji watatu walikufa kwa ajili yake. Ukitaka kufika kwenye chombo cha namna hiyo, kaa kwanza na kalamu.

Mita 70 chini, mgandamizo ni mara nane ya ule wa juu. Anayetumia lita 20 za gesi kwa dakika juu ya maji, huko atatumia 160. Mitungi pacha ya lita 12 iliyojazwa hadi baa 232 (baa ni kipimo cha mgandamizo) hubeba takriban lita 5,500. Theluthi ya kuendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya akiba: lita 1,800 za kuendea huisha kwa dakika 11, na kushuka kumo humo. Ukishtuka, pumzi huenda mbio na hesabu yote inavurugika.

Hewa ya kawaida usiitumie. Naitrojeni yake italevya, na oksijeni yake kwenye kina hicho inaweza kukutia degedege. Trimiksi, yaani mchanganyiko wa oksijeni, heliamu na naitrojeni, yenye oksijeni asilimia 15 na heliamu 55 inafaa, ila usiivute ukiwa juu ya maji. Oksijeni haitoshi, unaweza kuzimia.

Ndani, mapovu yako mwenyewe hupanda darini na kuangusha kutu. Mara moja huoni hata kiganja. Kwa hiyo funga kamba ya kukurudisha nje ya tundu unaloingilia, ifunge tena mara tu ukiingia, na uivute ikaze. Iliyolegea huteleza hadi kwenye ufa ambao mitungi yako haipiti. Nyaya za umeme zilizoning'inia hunasa valvu za mitungi nyuma ya kisogo. Usijizungushe. Rudi nyuma kidogo, papasa, kisha kata kwa mkasi wa nyaya, maana kisu huteleza tu. Na mlango unaokulazimu kuvua mitungi, uache.

Wakati wa kupanda, gesi ya oksijeni asilimia 50 huanzia mita 21, oksijeni tupu mita 6. Andika kina hicho kwa herufi kubwa kwenye kila mtungi, na mwenzako akisome kabla hujavuta. Dakika 20 za chini zinaweza kudai saa nzima ya vituo, yaani kusimama njiani ili gesi iliyoingia mwilini itoke polepole.

Torpedo usiziguse. Mifupa pia: wanamaji 56 walizama na U-869, na hapo ndipo kaburi lao.