Sheria ya Sherman ya 1890: nani aliisukuma, na dhahabu ilitokaje?

SWALI: Mwaka 1890, kwa Sheria ya Sherman, Marekani iliongeza sana ununuzi wa madini ya fedha, kufikia 1893 Hazina ikawa inaishiwa dhahabu. Je, ni kazi ya wenye migodi? Na kununua fedha kunamalizaje dhahabu?

JIBU: Wenye migodi walishinikiza sana, ila peke yao wasingefika. Nguvu yao ilikuwa Seneti, ambako kila jimbo lina viti viwili: Nevada, yenye watu wasiofika 50,000, ilikuwa sawa na New York yenye karibu milioni 6. Novemba 1889 yakaongezeka majimbo manne, viti vinane. Warepublican wa mashariki nao walitaka ushuru mkubwa wa forodha kulinda viwanda vyao, na walihitaji kura za magharibi. Ikawa nipe nikupe: Sheria ya Sherman Julai, ushuru wa McKinley Oktoba.

Usichanganye madai na kilichopatikana. Wenye migodi, pamoja na wakulima wenye madeni, walidai fedha yote ipokewe na kufuliwa sarafu kwa uwiano wa 16 kwa 1 (wakia 16 za fedha sawa na wakia 1 ya dhahabu), yaani takriban dola 1.29 kwa wakia ya fedha, hata soko likiwa chini. Walichopewa ni Hazina kununua wakia milioni 4.5 kila mwezi kwa bei ya soko.

Ubovu wenyewe ulikuwa kwenye malipo. Hazina ililipa kwa noti mpya ambazo mwenye nazo angeweza kuzirudisha na kupewa sarafu za dhahabu au za fedha. Kisheria Hazina ndiyo iliyochagua, lakini ilitoa dhahabu, kwa sababu kumlazimisha mtu apokee sarafu za fedha kungeashiria kwamba dola imeachana na dhahabu. Na noti ikisharudi haikuharibiwa, ilitumika tena kulipia matumizi ya serikali. Noti ileile ikaweza kuchota dhahabu mara ya pili na ya tatu, huku fedha iliyonunuliwa imelala ghalani.

Aprili 1893 akiba ya dhahabu ikashuka chini ya dola milioni 100, kiwango ambacho soko lilikihesabu kuwa mpaka wa usalama. Juni, India ikaacha kuwafulia watu binafsi sarafu za fedha (hatua iliyoigusa rupia, iliyotumika hadi Zanzibar), na bei ya fedha ikaporomoka. Rais Cleveland, Mdemocrat, akafanikiwa kufuta ununuzi huo tarehe 1 Novemba, lakini chama chake kikapasuka. Mwaka 1896 kikamsimamisha William Jennings Bryan, mtetezi wa 16 kwa 1, kugombea urais.

Kwa hiyo ukichambua kura za Bunge, zipange kwanza kwa majimbo, ndipo kwa vyama.