Daftari la zahanati lilivyotuangusha: jibu kwa aliyeuliza wapime nini barabara ikija

Mleta uzi, salamu kutoka Amu, yaani kisiwani Lamu.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema mko kijiji cha nyuma ya Malindi, barabara yenu ya udongo inataka kutiwa lami, na vijana wa kampuni fulani wamepita nyumba kwa nyumba na dodoso. Wameuliza kama kuna mtu anayekohoa, wameandika, wamekwenda zao. Kamati yenu sasa inataka kujua ipime nini yenyewe ili kesho msije mkaambiwa mnalia bure. Hapo juu wachangiaji wawili wamekujibu, "Nendeni zahanati mkachukue takwimu." Hapo hasa ndipo sisi tulipoanguka, kwa hiyo hapo nitakaa sana.

Nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea huku bara ya Lamu kwa miaka kadhaa. Barabara ya Garsen–Witu–Lamu ilipokuwa inatiwa lami, na bandari ya Lamu inajengwa kule Kililana, nikapata kibarua cha kukusanya takwimu, na jioni nikawa katibu wa kamati ya kijiji. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za dodoso.

Sisi tulikuwa na hakika kabisa. Malori ya kokoto yakipita kuanzia alfajiri, nguo ukianika nyeupe waanua nyekundu. Watoto vifua vinakoroma. Tukamwendea nesi, mtu wa watu, akatufungulia madaftari ya wagonjwa wa nje. Tukakaa sakafuni siku tatu tukihesabu kesi za kifua mwezi kwa mwezi: mwaka 2017 tukaufanya ndio hali ya kabla, miaka iliyofuata ndiyo hali ya baada. Hesabu ilipanda kama mtu apandaye mnazi. Tukapiga chapa, tukavaa kanzu, tukaenda kikaoni na wenye mradi.

Upande wa pili alikuwapo mhandisi mmoja mpole sana. Aliisoma karatasi yetu taratibu, akauliza swali moja tu: "Mwaka 2017 zahanati hii ilifanya kazi miezi mingapi?"

Tukaangaliana. Kila mtu mle ndani aliukumbuka mwaka ule. Madaktari wa serikali walikuwa wamegoma siku 100, hadi katikati ya Machi. Wauguzi nao wakaingia mgomoni Juni wasirudi hadi mwanzoni mwa Novemba, na zahanati ya kijijini ni nesi, haina daktari. Miezi mitano mlango ulikuwa na kufuli. Wagonjwa walikuwapo, wakikohoa majumbani mwao, ila hakuna aliyewaandika. Mwaka wetu wa kulinganishia ulikuwa mwaka wa mlango uliofungwa.

Kilichoniuma si kushindwa kwa hoja moja. Karatasi nzima ilitupwa, pamoja na yale yaliyokuwa kweli tupu. Vumbi lilikuwapo. Lakini nani angetusikiliza tena?

Na hata mwaka ambao mlango uko wazi, daftari lina hila nyingine ambayo niliielewa baadaye sana. Daftari huandika aliyefika. Barabara nayo kazi yake ni kufikisha watu. Mama aliyekuwa akimpaka mtoto mafuta ya nazi na kumsubiri apone, kwa sababu zahanati iko mwendo wa saa mbili kwa miguu, barabara ikikamilika humpakia bodaboda akafika kwa robo saa. Zahanati itajaa. Ukisoma daftari peke yake utasema barabara imeleta maradhi, kumbe imeleta wagonjwa. Ni mambo mawili mbalimbali, na mradi wa usafiri unaweza kukupa yote mawili kwa pamoja.

Yako mengine yasiyohusiana na barabara ambayo husukuma hesabu zile zile. Juni 2013 serikali ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, akina mama wakaongezeka wodini bila lami hata hatua moja. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huku bara ya Lamu, ya Juni 2014 familia zilihama mashamba, kwa hiyo vijiji vilivyohesabiwa kabla si vile vilivyohesabiwa baada. Mwaka 2020 watu waliogopa hospitali kwa sababu ya korona. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilileta mbu kila pahala, penye mkandarasi na pasipo. Kwenu Malindi mtakuwa na ya kwenu. Yaandikeni kando ya kila mwezi, kwa wino mwekundu kama tunavyofanya sasa.

Dawa yake ni nini? Tafuteni kijiji kingine kinachofanana na chenu, watu wale wale, maji yale yale, kilimo kile kile, ila barabara hii haikipiti. Hesabuni huko pia, siku zile zile. Mgomo ukija utavikumba vyote viwili, mvua ikija itavinyeshea vyote viwili. Kinachobaki kwenu tu, huko hakipo, hicho ndicho cha kumwekea mkandarasi mezani. Wenzangu walinung'unika sana, "Tutahesabuje watu wa mbali ilhali wanaoumia ni sisi?" Niliwaambia warudi wakamkumbuke yule mhandisi.

La pili, msisubiri watu wafike zahanati. Chagueni kaya, msichague zinazolalamika sana. Andikeni majina yote kwenye vikaratasi, mtie kwenye kikapu, mtoto atoe. Kaya hizo hizo zitembelewe kila mwezi, kabla greda halijaja, likiwa kazini, na angalau mwaka mzima baada ya lami. Muulize wiki mbili zilizopita tu, kwa sababu kikohozi cha miezi sita nyuma hakuna anayekikumbuka sawasawa. Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanazitembelea kaya na wana kumbukumbu zao za kaya. Kaeni nao kitako kabla hamjaanza la kwenu.

Na tuseme kweli, maana humu hatujuani sura: fidia ikitajwa, kikohozi huongezeka. Nimeshika dodoso mkononi nikaona mzee mzima anaanza kukohoa nikiwa mlangoni. Ndiyo maana usiulize, "Barabara imekudhuru?" Uliza, "Jana usiku uliamka mara ngapi? Mtoto alikosa shule siku ngapi? Nani alikwenda kuteka maji, na alivuka barabara mara ngapi?"

Hilo la usingizi nilifundishwa na bibi mmoja karibu na mji mdogo wa Hindi, huku bara ya Lamu. Nilimaliza maswali yangu yote ya kifua, macho na kuharisha, akanitazama akasema, "Mwanangu, wauliza kukohoa tu. Mbona huulizi kulala?" Malori yalikuwa yakipita usiku kucha, naye ana presha. Dodoso letu halikuwa na pahala pa kuandika usingizi. Nikaandika pambizoni. Nilipofika kwenye kompyuta, pambizo haikuwa na safu yake, likapotea. Baadaye nikaja kujua kuwa Shirika la Afya Duniani, ofisi yake ya Ulaya, lilishaweka mwaka 2018 kiwango cha kelele za barabara za usiku kisizidi desibeli 45, kwa sababu juu ya hapo usingizi hukatizwa, na kelele za mwaka baada ya mwaka huingia moyoni, si kwa fumbo, kwa moyo huu unaodunda. Bibi alilijua hilo bila kipimo.

Sasa vumbi, maana najua ndilo linalowawasha. Mtaletewa kijisanduku cha bei nafuu cha kupimia hewa. Si kibaya, ila kijue. Sisi chetu kilitundikwa upenuni mwa nyumba moja, kikaonyesha hewa inachafuka vibaya kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Tukafurahi, tumewakamata wenye malori! Mpaka siku moja nikalala kule, nikaamka na harufu ya iliki: mwenye nyumba alikuwa akipika mahamri ya kuuza, kwa kuni, chini ya kijisanduku. Vijisanduku hivi husoma kwa mwanga, na huona vizuri chembe ndogo kabisa za moshi. Vumbi la udongo lina chembe kubwa zaidi, nalo hukipita bila kuonwa sawasawa. Juu ya hayo, hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, chembe huvimba, kipimo kikaongopa kwenda juu. Kwa hiyo mtakuwa na chombo kisichoona vumbi lenu na kinachoona mahamri. Kiwekeni mbali na jiko, na kingine kama hicho katika kile kijiji cha kulinganishia. Mkimwona mtaalamu, mwambieni apime chembe kubwa pia, zile za hadi maikromita 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kwa hizo ni mikrogramu 45 kwa mita ya ujazo kwa saa 24.

Halafu pepo. Huyu wa mjini atakuja kupima wiki moja na kuondoka. Nyinyi ni watu wa pwani, msikubali. Wakati wa kusi vumbi litakwenda upande mmoja wa barabara, wakati wa kaskazi upande wa pili. Aliyepima kusi tu, nyumba za upande wa juu wa upepo atazikuta safi kama msikiti. Pimeni misimu yote miwili au msipime.

Ajali nitaenda haraka ila msizidharau, kwa maoni yangu ndizo zitakazowaua wengi kuliko vumbi. Lami ikikamilika vumbi litatulia na mwendo utapanda. Gari likitoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Kitabu cha polisi kitakuwa na waliokufa na waliogombana juu ya bima. Mvulana aliyevunjika mguu kwa bodaboda amepelekwa kwa mganga wa kuunga mifupa, na huko ndiko mnakotakiwa kwenda na kalamu. Mganga wetu alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko kituo chochote, kichwani mwake tu. Simameni pia penye chuo cha Kurani na shule saa za kuingia na kutoka, mhesabu watoto wanaovuka, kabla na baada. Hesabu hiyo moja ndiyo iliyotupatia matuta. Mabao yote mengine tulifungwa.

Mashimo ya kuchimbia moramu, ule udongo wa changarawe wa barabara: yahesabuni, muyapige picha, muone kama maji yanakaa zaidi ya wiki moja, maana mbu hukua kwa muda kama wa wiki moja hadi mbili. Malaria msiihesabu kwa wingi wa wagonjwa. Hesabuni, katika kila mia waliopimwa, wangapi wamekutwa nayo, na muandike miezi ambayo vipimo viliisha.

Na andikeni mema. Hili liliwaudhi wenzangu, lakini mtu anayehesabu mabaya peke yake haaminiki hata akisema kweli. Wataalamu wa uzazi wanazungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kwenda, wa kufika, na wa kuhudumiwa ukishafika. Barabara hutibu hasa ule wa katikati. Sisi wa visiwani twaujua: mjamzito wa Faza au Kizingitini akishikwa na uchungu usiku maji yamepwa, kila kitu ni boti na bahari. Kwa hiyo kila mama mjamzito kijijini kwenu aandikiwe saa ya kuamua, saa ya kuondoka, saa ya kufika, na saa ya kuguswa na nesi. Lami ikija, saa za katikati zikipungua na za mwisho zikabaki vile vile, mmejua deni liko kwa nani, na si kwa mkandarasi.

Riziki nayo ni afya. Huku kwetu wavuvi wapatao 4,600 walikwenda Mahakama Kuu, hapo hapo Malindi kwenu, na Aprili 2018 ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa katika ujenzi wa bandari, ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mambo ya kuilipa yalichukua muda mrefu na mvutano mwingi, lakini ninachotaka uone ni hiki: jamaa wale walijua wanavua wapi na nini kimefungwa. Waandikeni wenye mashamba na visima vilivyo karibu na barabara sasa, kabla vigingi vya barabara havijapigwa.

Kuhusu karatasi za kisheria: kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinamtaka anayefanya tathmini kamili aitishe angalau mikutano mitatu na wanaoathirika. Na Katiba, kifungu cha 35, inawapa haki ya kuomba habari iliyoko serikalini. Ombeni kwa barua ile taarifa ya hali ya awali, ile iliyotokana na dodoso la kukohoa. Mtaona wameandika nini juu yenu.

Wiki hii, kabla ya yote hayo, nendeni kwa nesi wenu na keki au samaki, mumwombe jambo moja dogo: kila mgonjwa, aandike kijiji anachotoka kwa usahihi, asiandike jina la lokesheni nzima, yaani eneo lote la chifu. Sisi madaftari yetu ya miaka mitatu yalikuwa na neno moja tu kwenye safu hiyo, "Lamu".