Alama zimefutwa, kikao cha mabosi kipo palepale

Mmeuliza wiki hii kama makampuni makubwa yakiacha kuwapanga wafanyakazi kwa alama kila mwaka ndo wenye vipaji watabaki. Kwa ninavyoona mimi kufuta alama peke yake haisaidii kitu.

Ule mtindo aliyeutia umaarufu ni Jack Welch, bosi wa General Electric, kampuni kubwa ya Marekani, kuanzia 1981 hadi 2001, hesabu yake ilikuwa asilimia 20 ya juu wapewe vinono, 70 waendelee, 10 ya chini wafungashe virago. Wengi wakaiga. Microsoft nao walikuwa na yao ya aina hiyo, ikafika mahali mainjinia wazuri wanakwepana, hawataki timu moja, maana hata mkiwa wote wakali lazima mmoja wenu apewe ya chini, sasa nani ajitoe muhanga? Wakaiacha Novemba 2013. Deloitte, kampuni ya ukaguzi wa mahesabu na ushauri, wao walipopiga hesabu wakakuta tathmini inawala masaa karibu milioni 2 kwa mwaka, na mengi yake ni mabosi kujifungia wanajadili alama za watu.

Hapo kwenye kujifungia ndo penyewe. Mimi nipo HR, idara ya wafanyakazi, kampuni moja hapa Dar, makao makuu yako ng'ambo (jina mniachie, bado nalipa mkopo). Enzi za alama niliandaa Eksel ya kikao cha kusawazisha, yaani mabosi wanakaa kulinganisha alama za watu wao, unakuta bosi ana watu sita wote wanapiga kazi, anaambiwa shusha mmoja, anaangalia orodha wee, anamshusha dada aliyekuwa likizo ya uzazi, basi imeisha hiyo. Baadae ikaja barua pepe kwamba alama hakuna tena, watu wakashangilia kweli. Bonasi je? Kikao kilekile, Eksel ileile, safu ya alama imetolewa ikabaki ya pesa. Tena afadhali zamani, ukipewa 2 kati ya 5 unakuja na fomu yako mkononi unapinga, leo utapinga nini na hakuna karatasi?

Nilipendekeza bosi akitoka kikaoni aandike hata mistari mitatu kwa nini fulani kapata kiasi hicho, na mwenyewe apewe asome. Nikajibiwa italeta maneno. Maneno mbona yamejaa tele kantini, na vijana wazuri wanaendelea kuleta barua za kuacha kazi mezani kwangu.